Kushirikisha Mafaili kwa Usalama Kwenye Kompyuta za Linux: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa mtandao wa ofisi ndogo, shule au zahanati: seva moja ya Linux, kompyuta kumi au ishirini, na folda ambazo watu kadhaa wanapaswa kuzifikia bila kubebeana flashi. Mifano inachukulia kwamba mtandao wa ofisi ni 192.168.10.0/24 na kwamba folda ya pamoja ni /srv/nyaraka. Badilisha kulingana na hali yako.

Nitumie NFS au Samba?

NFS, itifaki ya kushirikisha mafaili kupitia mtandao, ilitengenezwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984 kwa ajili ya mifumo ya Unix, na Linux inaibeba ndani ya kerneli yake, yaani kiini cha mfumo. Samba ilianzishwa mwaka 1992 nchini Australia na Andrew Tridgell ili mifumo ya Unix iweze kuzungumza itifaki ya SMB, ile inayotumiwa na Windows. Kutokana na asili hiyo watu wengi huamua kwa kuangalia mfumo endeshi tu: penye Windows wanaweka Samba, pasipo na Windows wanaweka NFS.

Swali linalopaswa kutangulia ni hili: nani ana mamlaka ya juu, yaani haki za root, kwenye kompyuta zitakazounganishwa? Kama kompyuta zote ni mali ya ofisi, zinasimamiwa na mtu mmoja na watumiaji hawana nenosiri la root, NFS toleo la 4 itakutosha na itakuwa nyepesi. Kama watu wanakuja na kompyuta zao binafsi, Samba yenye nenosiri la kila mtumiaji ni salama zaidi kuliko NFS ya kawaida, hata kama kila mashine ni Linux. Sababu yake imeelezwa katika jibu linalofuata, na ningemsihi kila msomaji asiliruke, kwa kuwa makosa mengi ya usalama katika eneo hili yanaanzia hapo.

Kwa nini inasemekana NFS ya kawaida haimtambui mtumiaji?

Kwa sababu ni kweli. Katika mpangilio wa kawaida, unaoitwa sec=sys, mtumiaji haulizwi nenosiri na seva. Kompyuta yake inatuma namba tu, UID (ya mtumiaji) na GID (ya kikundi), na seva inaikubali namba hiyo kama ilivyo. Ni sawa na mlinzi wa getini anayekuruhusu kuingia kwa jina ulilojitajia mwenyewe bila kuomba kitambulisho.

Tuseme mhasibu ana UID 1003 kwenye seva, na mafaili yake yana ruhusa 600, kwa maana kwamba yeye peke yake anaweza kuyasoma. Mtu mwenye kompyuta yake binafsi, ambayo anwani yake imeruhusiwa na seva, anahitaji amri tatu tu:

`sudo mount -t nfs4 seva:/srv/nyaraka /mnt`
`sudo useradd -m -u 1003 mgeni`
`sudo su - mgeni`

Tangu hapo seva inamwona kama mhasibu. Hakuvunja nenosiri lolote wala kutumia udhaifu wowote wa programu. NFS imefanya kazi jinsi ilivyobuniwa, katika enzi ambayo kompyuta chache za chuo au kampuni zilisimamiwa na watu walewale. Wapo wanaodhani kwamba toleo la 4 limeondoa tatizo hili kwa kuwa lina huduma ya idmapd inayobadilisha namba kuwa majina. Sivyo. Huduma hiyo inahusika na namna wamiliki wa mafaili wanavyoonyeshwa, lakini utambulisho wa anayeomba kufungua faili chini ya sec=sys bado ni ile namba.

Kwa hiyo, ukitumia sec=sys, ujue kwamba umeziamini mashine. Ukitaka seva imtambue mtu mwenyewe, utahitaji Kerberos, mfumo wa uthibitisho unaoelezwa hapa chini, au Samba.

Faili la /etc/exports liandikweje?

Faili hili huiambia seva ya NFS folda gani zishirikishwe na kompyuta zipi. Mstari wa kuanzia ulio salama ni huu:

`/srv/nyaraka 192.168.10.0/24(rw,sync,root_squash,no_subtree_check)`

Afadhali zaidi utaje anwani za kompyuta moja moja badala ya mtandao mzima, hasa kama waifai ya wageni inatumia mtandao uleule. Hilo la waifai ni jambo la kawaida sana katika ofisi ndogo: ruta moja, nenosiri moja limebandikwa ukutani, na mgeni anayesubiri huduma amekaa ndani ya mtandao mmoja na seva ya nyaraka. Tenganisha mtandao wa wageni kabla ya kuendelea na lolote jingine. Ruta nyingi za siku hizi zina kipengele hicho.

Sasa tazama mstari huu kwa makini:

`/srv/nyaraka 192.168.10.25 (rw,sync)`

Kuna nafasi moja kati ya anwani na mabano. Nafasi hiyo inabadilisha maana yote. NFS inasoma vitu viwili tofauti: kwanza, kompyuta ya 192.168.10.25 inapewa folda kwa masharti ya kawaida, ambayo ni kusoma tu. Pili, kompyuta yoyote duniani inayoweza kuifikia seva inapewa haki ya kusoma na kuandika. Aliyeandika alikusudia kinyume chake. Ndiyo maana kila unapohariri faili hili unapaswa kuendesha `sudo exportfs -ra` ili mabadiliko yaanze kutumika, na kisha `sudo exportfs -v` ili uone jinsi seva yenyewe ilivyokuelewa. Ukiona neno `<world>` au alama ya nyota mahali ambapo hukukusudia, rudi ukarekebishe.

Zaidi ya hayo, usishirikishe zaidi ya kile kinachohitajika. Kushirikisha /home nzima au mzizi wa diski kwa sababu ni rahisi kuliko kupanga folda ni kuwapa watu mafaili ambayo hukuyafikiria, zikiwamo funguo za SSH zilizomo katika folda za .ssh.

Je, niweke no_root_squash ili niache kukataliwa ruhusa?

Hapana. Huu ni ushauri unaozagaa kila mahali, na unaondoa tatizo dogo kwa kuleta kubwa.

Kwa kawaida root_squash humgeuza root wa kompyuta iliyounganishwa kuwa mtumiaji asiye na haki, nobody, mwenye UID 65534. Ukiandika no_root_squash, root wa kompyuta yoyote iliyoruhusiwa anakuwa root juu ya mafaili ya seva. Anaweza kunakili programu ya bash ndani ya folda ya pamoja, akaipa ruhusa 4755 (inayoifanya programu iendeshwe kwa haki za mmiliki wake), na mtu mwenye akaunti ya kawaida kwenye seva, au kwenye kompyuta nyingine iliyounganishwa na folda hiyo, akaiendesha kwa `./bash -p` na kupata haki za root pale alipo. Ili kuziba njia hiyo kwa upande wa pili pia, unganisha folda kwenye kompyuta za wafanyakazi kwa chaguo za `nosuid,nodev`, na kama hakuna programu zinazopaswa kuendeshwa kutoka humo, ongeza `noexec`.

Ukikataliwa ruhusa, mara nyingi chanzo ni umiliki wa folda au UID zisizolingana kati ya seva na kompyuta. Angalia kwa `id` upande mmoja na `ls -ln` upande wa pili.

Nitumie toleo gani la NFS?

Tumia toleo la 4.2, na uzime la 3. Toleo la 3, lililochapishwa mwaka 1995, linategemea huduma kadhaa za pembeni, ikiwamo rpcbind kwenye poti 111, na nyingine hubadilisha poti kila zinapowashwa, jambo linaloufanya ukuta wa moto kuwa mgumu kupangwa. Toleo la 4 linatumia poti moja tu, TCP 2049. Katika /etc/nfs.conf, chini ya sehemu ya `[nfsd]`, andika `vers3=n`, kisha washa upya huduma ya nfs-server. Hakikisha kwa:

`cat /proc/fs/nfsd/versions`

Unapaswa kuona `-3` kwenye mstari huo. Baada ya hapo seva haina haja ya rpcbind, nawe unaweza kuifungia kwa `sudo systemctl mask --now rpcbind.service rpcbind.socket`.

Kerberos ni lazima? Inaonekana ngumu.

Si lazima kwa kila ofisi, lakini kama unahifadhi taarifa za wagonjwa, mishahara au kesi za wateja, nadhani juhudi zake zinalipa. Kerberos inafanya mtumiaji ajithibitishe kwa nenosiri lake kwenye seva maalumu ya uthibitisho, apewe tiketi ya muda, na tiketi hiyo ndiyo inayoonyeshwa kwa seva ya NFS. Yule mgeni mwenye UID 1003 aliyetajwa juu hatakuwa na tiketi ya mhasibu, hivyo hataona kitu.

Kuna ngazi tatu. Ngazi ya `krb5` inathibitisha mtu tu. Ngazi ya `krb5i` inaongeza ulinzi dhidi ya data kubadilishwa njiani. Ngazi ya `krb5p` inasimba pia data yote, kiasi kwamba anayesikiliza mtandao haambulii kitu. Tumia krb5p, isipokuwa umepima mwenyewe na kuona kwamba seva yako inazidiwa:

`/srv/nyaraka 192.168.10.0/24(rw,sync,sec=krb5p,no_subtree_check)`

Kujenga Kerberos peke yake kwa mkono kunachosha. FreeIPA inaiweka pamoja na orodha ya watumiaji na vyeti, na kompyuta ya mfanyakazi inaunganishwa kwa amri ya `ipa-client-install`. Kwa seva ya mafaili utasajili huduma yenye jina la aina ya `nfs/seva.ofisi.lan` na kuweka ufunguo wake katika /etc/krb5.keytab, faili ambalo halipaswi kusomwa na yeyote isipokuwa root.

Matatizo mawili hujirudia. La kwanza ni saa. Kerberos kwa kawaida hukataa mashine ambayo saa yake inapishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, na kompyuta za zamani zenye betri ya ubao mama iliyokufa huamka zikiwa na tarehe ya miaka iliyopita kila umeme unapokatika. Weka chrony kwenye kila mashine, na uifanye seva ya ofisi kuwa chanzo cha saa ili zisitegemee intaneti. La pili ni majina: kila mashine lazima ifahamike kwa jina kamili lisilobadilika, na jina hilo lilingane na lililo kwenye ufunguo. Ukipata ujumbe wa kukataliwa usioeleweka, anza kwa `klist` kuona kama tiketi ipo, halafu `hostname -f` na `timedatectl`, kabla ya kugusa kitu kingine.

Nimesikia kwamba NFS sasa inaweza kutumia TLS. Je, inachukua nafasi ya Kerberos?

Kwa sehemu tu. Kiwango cha RFC 9289 cha mwaka 2022 kinaruhusu mawasiliano ya NFS kupita ndani ya TLS, usimbaji uleule unaolinda tovuti za https, na kerneli za Linux kuanzia matoleo ya 6.4 na 6.5 zinaiwezesha kwa msaada wa programu ya tlshd. Ukitumia `xprtsec=mtls`, seva inadai cheti cha kila kompyuta. Hilo linazuia mashine ngeni na linasimba data, lakini bado linathibitisha mashine, si mtu anayeitumia.

Samba ipangwe vipi ili iwe salama?

Anza na sehemu ya jumla ya /etc/samba/smb.conf:

`[global]`
`server min protocol = SMB3`
`server smb encrypt = required`
`map to guest = never`
`restrict anonymous = 2`
`hosts allow = 127.0.0.1 192.168.10.`

Kisha folda yenyewe:

`[nyaraka]`
`path = /srv/nyaraka`
`valid users = @uhasibu`
`read only = no`
`create mask = 0660`
`directory mask = 2770`

Toleo la kwanza la SMB lisirudishwe kwa sababu yoyote ile. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu wa SMB1 kwenye Windows. Mwezi huohuo ukatangazwa udhaifu tofauti ndani ya Samba yenyewe, CVE-2017-7494, uliokuwapo tangu toleo la 3.5.0: mtu mwenye haki ya kuandika kwenye folda ya pamoja angeweza kupandisha faili la maktaba na kuifanya seva iliendeshe. Samba ilizima SMB1 katika mpangilio wake wa kawaida kuanzia toleo la 4.11, mwaka 2019. Mashine ya zamani ya kuskani inayojua SMB1 tu mara nyingi ndiyo inayotumika kama kisingizio cha kuirudisha. Afadhali uitafutie njia nyingine, kama vile kutuma kwa barua pepe au kuhifadhi kwenye flashi yake, kuliko kuifungulia seva nzima.

Nenosiri la Samba huhifadhiwa kando na lile la Linux. Tengeneza mtumiaji asiyeweza kuingia kwenye seva, kisha umpe nenosiri la Samba:

`sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G uhasibu asha`
`sudo smbpasswd -a asha`

Kila baada ya kuhariri, endesha `testparm`, amri inayokagua smb.conf. Ukikosea herufi moja katika jina la mpangilio, Samba haitagoma kuwaka. Itaupuuza mstari huo, nawe utabaki ukiamini kwamba ulinzi upo.

Kwenye kompyuta ya mfanyakazi, usiandike nenosiri ndani ya /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski na folda za kuunganishwa, kwa sababu faili hilo linasomwa na kila mtumiaji. Liweke katika faili la pembeni lenye ruhusa 600, na ulitaje kwa chaguo la `credentials=`.

Ruhusa za ndani ya folda zipangwe vipi?

Kwa vikundi. Chagua kikundi kwa kila idara, kikabidhi folda kwa `chgrp uhasibu /srv/nyaraka`, kisha `chmod 2770 /srv/nyaraka`. Ile 2 ya mwanzo inafanya kila faili jipya lirithi kikundi cha folda, hivyo mafaili ya Asha yatabaki kuwa ya idara hata kama kikundi chake kikuu ni kingine. Usitumie 777, inayomruhusu kila mtu kusoma na kuandika. Ukijikuta unaihitaji, maana yake ni kwamba vikundi havijakaa sawa.

Kwenye Fedora, Rocky na ndugu zake kuna SELinux pia, ulinzi wa ziada unaoamua programu gani iguse mafaili gani. Usiizime, iambie folda hiyo ni ya nini:

`sudo semanage fcontext -a -t samba_share_t "/srv/nyaraka(/.*)?"`
`sudo restorecon -Rv /srv/nyaraka`

Tawi letu liko mji mwingine. Nifungue poti kwenye ruta?

Poti 2049 na 445 hazipaswi kufunguliwa kuelekea intaneti, hata kwa siku moja ya majaribio. Ndani ya ofisi zifungulie mtandao wako pekee:

`sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 2049 proto tcp`

Kwa walio mbali, weka WireGuard, programu ya VPN (njia iliyosimbwa kupitia intaneti), ambayo imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, na upitishe NFS au Samba ndani yake. Laini nyingi za intaneti katika Afrika Mashariki, hasa za simu, hazikupi anwani ya umma ya kwako peke yako, hivyo matawi mawili hayawezi kupigiana moja kwa moja. Suluhisho la kawaida ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma na kuifanya kitovu ambacho matawi yote mawili yanaunganishwa nacho.

Kwa mtu mmoja anayehitaji folda moja, SSHFS inatosha. Inapita kwenye SSH, inasimba kila kitu, na unaweza kumfungia ndani ya folda yake kwa mistari hii ya sshd_config:

`Match Group mbali`
`    ChrootDirectory /srv/mbali`
`    ForceCommand internal-sftp`
`    AllowTcpForwarding no`
`    PasswordAuthentication no`

Kumbuka kwamba /srv/mbali lazima imilikiwe na root na isiandikwe na mtu mwingine, la sivyo SSH itakataa muunganisho. Folda ya kuandikia iwe ndani yake.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mafaili yataharibika?

Chaguo la `sync` linaifanya seva isiseme kuwa imeandika mpaka iwe imeandika kweli. `async` ina kasi zaidi, lakini inaahidi kabla ya kutenda, na umeme ukikatika ahadi hiyo inapotea na data yako. Kwa upande wa kompyuta, tumia `hard`, ambayo ndiyo kawaida; `soft` huirudishia programu kosa katikati ya kuandika, na programu nyingi hazijui la kufanya nalo. Ongeza `_netdev,nofail` katika /etc/fstab ili kompyuta isikwame kuwaka seva inapokuwa bado imezimwa. Na seva iwe na UPS.

Je, sheria inasema lolote?

Ndiyo, ikiwa folda zina taarifa za watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Uganda ina yake ya mwaka huohuo, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote zinamtaka anayehifadhi taarifa kuchukua hatua za kuzilinda. Simba diski ya seva vilevile kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski, kwa maana krb5p inalinda data ikiwa njiani tu, na mwizi anayebeba seva yenyewe hahitaji mtandao.

Nina nakala moja kwenye folda ya pamoja. Hiyo si nakala rudufu?

Sivyo. Virusi vya kudai fidia vikiingia kwenye kompyuta moja vitasimba kila faili ambalo mtumiaji wake anaweza kuliandika, pamoja na yaliyo kwenye seva. Nakala rudufu ikae mahali ambapo kompyuta za wafanyakazi haziwezi kuandika: mashine ya pili inayovuta mafaili kwa rsync na kuhifadhi matoleo ya siku zilizopita, na diski ya nje inayochomolewa baada ya kazi.

Nitajuaje kwamba ulinzi unafanya kazi?

Jishambulie. Chukua kompyuta isiyoruhusiwa, iunganishe kwenye waifai ya wageni, na uendeshe nmap, programu ya kukagua poti, kwa anwani ya seva (hapa tuseme ni 192.168.10.2):

`nmap -Pn -p 111,139,445,2049 192.168.10.2`

Poti zote zinapaswa kuonekana zimefungwa au zimechujwa. Kisha, ukiwa ndani ya mtandao wa ofisi, jaribu `smbclient -L //seva -N` ambayo inaomba orodha ya folda bila nenosiri, inapaswa kukataliwa. Mwisho jaribu lile zoezi la UID 1003 kutoka kwenye kompyuta iliyoruhusiwa. Ukifanikiwa kusoma mafaili ya mhasibu, umepata jibu kuhusu Kerberos.

Mfanyakazi akiondoka nifanye nini?

Kufunga akaunti ya Linux pekee hakutoshi. Zima akaunti yake ya Samba kwa `sudo smbpasswd -d asha`, izime pia kwenye FreeIPA, ondoa ufunguo wake wa umma kwenye WireGuard na kwenye authorized_keys, na ufute anwani ya kompyuta yake katika /etc/exports. Kisha angalia `smbstatus`, inayoorodhesha waliounganishwa sasa, kwa sababu aliyekwisha kuunganishwa habanduliwi na kubadilishwa kwa nenosiri. Itakubidi uisimamishe prosesi inayomhudumia, ambayo namba yake imo kwenye orodha hiyo. Tiketi ya Kerberos nayo hubaki halali mpaka muda wake uishe, kwa kawaida saa 24, hivyo kompyuta ya ofisi aliyokuwa akiitumia irudishwe na izimwe siku hiyohiyo.